Nilimwamkia Mtani Wangu Shikamoo, Akarudisha Funguo

Mtu mzima wa miaka thelathini na saba aliwahi kulia mbele yangu kwa sababu nilimwamkia shikamoo.

Sikumtukana. Sikumgusa. Shikamoo tu, hii hii unayompa baba mkwe ukiwa unamvizia binti yake.

Kwa shikamoo hiyo akapoteza kazi, akapoteza na Dar. Mpaka leo naandika hapa sijui msamaha wake niuombe kwa lugha gani.

Tulieni niwape yote. Wale wa "fupisha mkuu", nendeni mkale kwanza, mtanikuta.

Naitwa Heriel. Mpare wa Usangi, ila nimezaliwa Buguruni. Shule niliishia kidato cha nne. Matokeo yalipotoka baba aliyasoma mpaka chini, akakunja karatasi, akaniuliza kama najua kusukuma mkokoteni.

Sikusukuma. Mungu alininyima hesabu akanipa mdomo.

Mdomo huo ukanipatia kazi Kariakoo, kwenye duka la jumla la vitenge la Bi Mwanne, mtaa wa pili kutoka ule mtaa wa Kongo. Kazi yangu kusimama mlangoni na maiki, kuita wateja.

"Mama mwenye gauni la bluu, ingia ndani, hicho kitenge ulichovaa kinaomba kustaafu."

Mama anacheka, anaingia. Kazi imeisha.

Dukani tulikuwa wachache. Bi Mwanne mwenyewe, mama wa Rufiji, mwili mkubwa, maneno mafupi. Zulekha, dada wa kaunta. Mbaruku, mbeba mizigo, mtu ambaye akikohoa jora linatikisika. Na mimi wa kelele.

Pengo lilikuwa stoo.

Stoo ipo ghorofa ya tatu, na watunza stoo walikuwa wanapita kama wageni wa lodji. Mmoja aliiba. Mmoja alilala. Wa tatu alipanda juu kutafuta jora la zambarau, tukamsubiri, tukamsubiri, kumbe alishashukia ngazi za nyuma na hakurudi tena duniani.

Ndipo akaja Leodegar.

Alikuja saa nne asubuhi, shati limenyooshwa mpaka kola inakata. Mrefu, mkimya, mkononi chupa ya maji ya lita mbili. Ameongozana na mdada mmoja mzuri anaitwa Evelyn, akasema ni dada yake.

Bi Mwanne akatutambulisha. "Huyu mtunza stoo mpya. Anajaribiwa miezi mitatu. Ataingia saa nne, atatoka saa tisa, muda utaongezeka polepole. Msiniulize kwa nini."

Mimi nikauliza kitu kingine. "Kaka, nyumbani wapi?"

"Rombo."

Mchaga. Jamani, nilihisi kama nimetumiwa zawadi kutoka mbinguni.

Kwa wale waliokulia kwenye ving'amuzi: Wapare na Wachaga ni watani. Mtani anakusema chochote na hukasiriki. Anakula chakula chako bila kuomba. Ukifa, anakuja msibani kukuigiza ulivyokuwa unatembea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Si ugomvi. Ni undugu uliovaa nguo ya ugomvi.

"Bi Mwanne," nikasema, "naomba majora yahesabiwe kabla huyu hajapanda ngazi."

Zulekha akacheka. Leodegar akanitazama. Sekunde zikapita nyingi, mpaka nikaanza kujiuliza kama nimekosea mtu.

Halafu akasema, taratibu, "Hesabuni. Lakini mkimaliza mfungieni huyu Mpare kalamu. Jora likipungua moja atafungua kesi, na shahidi atakuwa mama yake."

Mbaruku alicheka mpaka akakaa chini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Jibu lake lilichelewa njiani, lakini likifika limefika.

Tukazoeana. Asubuhi ananikuta mlangoni, naacha wateja naanza na yeye. "Mchaga wangu, umeamka au umeamshwa na harufu ya hela?"

Anasimama. Anafikiri. "Nimeamshwa na mlio wa tumbo lako, Mpare. Makande ya juzi bado yanadai haki yake."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo akishika mkasi. Nikamwambia, "Unatetemeka kama umeona mtu wa kodi." Akasema, "Natetemeka kwa mshangao. Sijawahi kuona Mpare amevaa viatu vyote viwili siku ya kazi."

Ila kazi, bwana. Yule jamaa alikuwa anaijua.

Kila jora alilikata kakipande ukubwa wa kiganja, akakabandika kwenye ubao mkubwa pale mlangoni mwa stoo, chini yake namba ya rafu. Wiki tatu, ubao ukajaa rangi kama shamba la maua.

Siku moja akaja mama wa Lubumbashi na kipande cha kitenge, kimefifia, anataka doti arobaini za namna ile, sare ya harusi. Maduka sita yameshamwambia hakuna.

Leodegar akakishika kile kipande, akakigeuza nyuma, akaenda kwenye ubao wake. "Mbaruku, rafu ya sita, chini kabisa. Jora la kijani lenye mgongo wa kobe."

Dakika mbili.

Bi Mwanne alichukua soda kwenye friji, akaifungua mwenyewe, akampa. Mimi nina mwaka na nusu pale, sijawahi kufunguliwa hata maji.

Jioni ile Leodegar aliniambia kwa nini ile miezi mitatu ilikuwa inamnyima raha.

"Kaka yangu yuko Rombo. Ndiye aliyenisimamia miaka yote. Amenipa miezi mitatu. Nikiimaliza kazini, nabaki Dar na hanisumbui tena. Nikishindwa, anakuja kunichukua, na hakuna cha kujadili."

"Sasa Rombo kuna ubaya gani? Si kwenu? Desemba mnapaki magari mpaka barabara inaomba likizo."

Akachelewa kujibu, na safari hii jibu halikuwa la utani. "Kuna chumba nyuma ya nyumba. Dirisha linatazama migomba. Nililala humo mwaka mzima. Sikuruhusiwa kushika panga, wala jembe, wala simu. Chakula kinaletwa. Kila mtu mpole. Heriel, mimi siwezi kurudi kwenye chumba kile."

Nikajua kuna jambo, sikuchimba.

Alilichimbua mwenyewe, mwezi wa tatu ukiwa katikati.

Tulikuwa tunakula wali maharage kwa mama lishe, uchochoroni nyuma ya duka. Akaweka kijiko.

"Evelyn si dada yangu."

"Nilijua. Ukoo wenu hauwezi kutoa mtu kama yule."

Akacheka kidogo, akaacha.

"Nimeugua akili, Heriel. Mara mbili. Nilikuwa nasikia sauti. Mara ya mwisho walinitoa Jangwani, mvua kubwa, maji yamefunika barabara. Nilikuwa nimesimama katikati nawaambia watu wavuke, kwa sababu sauti iliniambia maji yatanitii."

Akanitazama.

Hapo swali la mtani lilikuwa moja tu. "Yakakutii?" Lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi, limevaa na viatu.

Nikalimeza pamoja na wali.

Aliendelea kunitazama kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono akisubiri apewe mkono. Kisha akaendelea.

"Evelyn ni wa kliniki. Kazi yake ni kumtafutia mtu kama mimi kazi ya kweli. Siyo kusuka mikeka wodini mpaka uzeeke, hapana, kazi yenye bosi na mshahara na kugombezwa. Na akishaipata haondoki. Kila wiki anakuja, ananiuliza wapi pananielemea, anamuuliza Bi Mwanne wapi hakuridhika, tunarekebisha. Kuingia saa nne ni yeye aliyeniombea. Dawa ya jioni inanilaza asubuhi."

"Bi Mwanne anajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Aliuliza swali moja. 'Anaiba?'"

"Na umepona?"

"Dawa nakunywa. Sauti siku hizi hazipo, na zikija nazijua. Evelyn anasema kupona si mpaka ugonjwa ufutike, kupona ni kuishi maisha yako mwenyewe hata kama dawa iko mfukoni." Akanywa maji. "Nimekwambia wewe kwa sababu ni mtani wangu. Usimwambie mtu."

"Siwezi, kaka."

Lile neno kaka. Sikuwahi kumwita kaka tangu siku ile ya kwanza sijamjua. Lilitoka lenyewe.

Jioni nikarudi Buguruni nimenyong'onyea. Kila utani niliowahi kumpiga ukawa unanirudia kama chakula kibaya. Nilimwambia anatetemeka kama kaona mtu wa kodi, kumbe ni dawa. Nilimwambia akichelewa kujibu anatafuta mtandao. Kuna siku nilimwita chizi, mara mbili, mbele ya wateja, na akacheka.

Nikajiona mnyama.

Nikaamua kuanzia kesho niwe binadamu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kosa la kwanza, niliwaambia wenzangu. Si kwa umbea, naapa. Niliwavuta Zulekha na Mbaruku pembeni asubuhi kabla hajafika. "Jamani, Leodegar ametoka kuumwa. Akili. Tumpunguzie. Utani basi."

Zulekha akaweka mkono kifuani. "Masikini. Na alivyo mstaarabu."

Mbaruku akasema, "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Sijui. Ndiyo maana tu."

Saa nne akatokea, shati limenyooka, chupa mkononi. Alishaanza kutabasamu toka mbali, anajiandaa.

Nikazima maiki. "Shikamoo kaka Leodegar."

Akasimama.

Akasubiri.

Ndugu zangu, alisubiri nusu ya pili ya utani. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, anangoja nimalize ili ajibu. Na mimi nimesimama pale na adabu zangu kama mlinzi wa benki.

"Umesemaje?"

"Shikamoo kaka. Umeamkaje?"

Tabasamu likashuka taratibu, kama mtu anateremsha bendera. "Salama," akasema. Akapanda ngazi.

Wiki ile tulikuwa wema kupita kiasi. Zulekha akawa anampelekea chai juu, anaongea naye kwa sauti ya kubembeleza mtoto dawa. "Umekula, Leodegar? Umekula kidogo?" Mbaruku akimkuta na jora begani analipokonya. "Acha kaka, pumzika, mimi nipo."

Jumatano alikosea. Mteja alitaka ya njano yenye feni, akashusha ya njano yenye majani. Kosa la kawaida, mimi kwa siku nafanya matano.

Kabla ya hapo angesulubiwa. Ningelitangaza kwenye spika mtaa mzima, angeitwa Bwana Majani mpaka Pasaka. Sasa tukamzunguka watatu.

"Haina shida."

"Haina shida kabisa, kaka."

"Hata usiwaze."

Akatutazama mmoja mmoja. Akapanda juu, akashuka na ya feni. Tangu saa ile akawa kila jora analikagua mara tatu. Anashuka nalo, anarudi nalo, anaenda kuangalia ubao, anashuka tena. Wateja wakaanza kusubiri. Tukamwonea huruma zaidi.

Alhamisi akanifuata mlangoni. Macho mekundu, hajalala vizuri.

"Heriel, unanionaje siku hizi?"

"Uko sawa kabisa, kaka."

"Kweli?"

"Kabisa. Uko vizuri sana."

Nilisema kwa ile sauti ya saa za kutazama wagonjwa. Nyote mnaijua. Ile unayomwambia mtu "umenenepa" na daktari ameshakwambia kingine nje. Nilijisikia mwenyewe. Na yeye alinisikia.

Ijumaa ikafika.

Nilikuwa ndani napanga doti za maonyesho. Leodegar akashuka ngazi, akasimama mbele yangu, akavuta pumzi kama mtu anataka kuruka mtaro.

"We Mpare," akasema. "Leo umekuja na tumbo lako au umelipangisha?"

Aliutafuta ule utani. Naamini alikesha anautafuta. Haukuwa hata mzuri, lakini ulikuwa mlango, na aliufungua yeye kwa mkono wake.

Zulekha alinikazia macho kutoka kaunta, kama anasema usithubutu.

Nikasema, "Shikamoo kaka."

Machozi yakaanza hapo hapo. Hakujificha. Alisimama tu mbele ya rundo la vitenge, mikono imelegea, analia kama mtu anayetoa jasho.

"Hata maiti hutaniwa na mtani wake," akasema. "Heriel. Hata maiti. Sasa mimi nimekuwa nini?"

Ningeweza kuokoa jambo lote kwa neno moja. Ningesema, "Umekuwa Mchaga, na hiyo haina dawa." Basi. Tungecheka, tungekula, ningemwambia ukweli.

Nilichofanya mimi, nilitoka nje nikamfuata Bi Mwanne aliyekuwa anaongea na dereva wa mzigo. "Mama, Leodegar analia. Nadhani hayuko sawa."

Hayuko sawa. Maneno mawili. Mtu aliyeumizwa akalia, mimi nikaenda kuripoti ugonjwa.

Bi Mwanne akaingia, lakini Leodegar alishajifuta uso. Alikuwa ameshika funguo za stoo. Akamwamkia, akaziweka kaunta mbele yake, kwa mikono miwili.

"Bi Mwanne, naona nimeanza kuumwa tena. Mimi mwenyewe sijisikii, lakini watu wameshaona. Nisije nikaharibu duka la watu."

"Nani kasema unaumwa?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana najua."

"Leodegar, mimi sijakufukuza."

"Najua, mama. Asante."

Akachukua chupa yake ya maji. Alipopita kwangu hakunitazama. Akakata kuelekea Mnazi Mmoja, mrefu vile, kichwa kinaonekana juu ya watu wote mpaka kikapotea.

Zilikuwa zimebaki siku kumi miezi mitatu itimie.

Jumapili kaka yake akawa ameshafika. Jumatatu wakapanda basi la Rombo.

Wiki iliyofuata Evelyn akaja dukani. Mimi nilijua amekuja kuchukua vitu vya Leodegar. Akaomba kuongea na mimi, tukakaa kwenye majora pale ndani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kabla hajasafiri alipita kliniki," akasema. "Ameniruhusu nikwambie wewe mambo mawili. La kwanza, daktari amemwangalia. Ugonjwa haujarudi. Hakuwa na kitu zaidi ya kukosa usingizi wiki moja."

"Sasa kwa nini alisema anaumwa?"

Akatoa karatasi kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. "La pili ndiyo hili. Kila mtu tunayemsaidia anaandika mpango wake. Mambo yanayomuweka vizuri, dalili kwamba anaanza kuugua, na afanye nini akiziona. Anaandika kwa maneno yake, siyo yetu. Huu aliuandika mwezi wake wa kwanza hapa. Soma hapa."

Mwandiko umenyooka kama shati lake. Juu imeandikwa, Nitajuaje kama nimeanza kuumwa bila mwenyewe kujua?

Chini yake:

*Watu wote wa kazini wanaweza kunidanganya kwa sababu ni wema. Heriel hana huruma hata kidogo, kwa hiyo hawezi kunidanganya. Siku Heriel akiacha kunitania, nijue nimeanza kuumwa. Nirudishe funguo kwa Bi Mwanne, niende kliniki.*

Nilisoma mara moja. Mara ya pili herufi zikawa zinaelea.

"Alifuata mpango wake," Evelyn akasema. "Hatua kwa hatua, kama tulivyomfundisha. Tulimpa vipimo vya kila aina, yeye akachagua kujipima kwa mdomo wako."

Kumbe miezi yote ile, kila ninapomwita mwizi pale mlangoni, yule mtu alikuwa anapanda ngazi moyoni anasema, leo pia niko mzima.

Bi Mwanne alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, amesikia. Akasema, "Mpigie. Mwambie kazi yake ipo."

Evelyn akapiga, akaweka spika. Alipokea kaka yake Leodegar.

"Dada, nashukuru sana kwa juhudi zenu," akasema. Mtu mstaarabu, sauti kama ya mzee wa kanisa. "Lakini tulikubaliana miezi mitatu. Na kazi hakufukuzwa, ameacha mwenyewe kwa kinywa chake, akisema anaumwa. Mimi nibishane na nani?"

"Daktari anasema haumwi."

"Daktari anamuona nusu saa. Mimi nilimfuata Dar alipotolewa kwenye maji. Huku ametulia, dada. Yupo chumbani kwake, hana kelele, anakula. Muacheni apumzike."

Evelyn hakukata tamaa. Alipanda mpaka Rombo kwa nauli yake, akaongea nao siku nzima, akarudi na mkungu wa ndizi na jibu lile lile. Bado anawapigia. Anasema watu wengine huchukua miaka, na yeye ana muda.

Mimi nilipewa funguo.

Ndiyo. Aliyechukua kazi ya Leodegar ni mimi. Bi Mwanne aliacha nafasi wazi wiki sita, biashara ikagoma, akaniita. "Ubao wake unaujua. Panda." Mshahara umeongezeka. Mlangoni ameajiriwa kijana mwingine, kelele anazo, maneno hana.

Mwezi uliopita kaka yake alikubali niongee naye. Nilikuwa stoo, simu sikioni, nimesimama mbele ya vile vipande vya rangi alivyovibandika mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa. Utani tisa, nimeuandika kwenye kiganja.

"Mchaga," nikasema, "nasikia migomba imeomba uhamisho tangu urudi."

Nikasubiri, nikajua jibu liko njiani, huwa linachelewa. Nikasikia kuku upande wa pili. Nikasikia mtu anavuta kiti.

"Asante kwa kunikumbuka, Heriel," akasema. "Mungu akubariki."

Upole mtupu. Upole wetu ule ule, tulimfundisha sisi.

"Leodegar, nisikilize. Wewe si mgonjwa. Ni mimi niliharibu. Niliacha kukutania kwa sababu nilikuonea huruma, siyo kwa sababu niliona kitu. Sikuona kitu, nakuapia. Uko sawa kabisa."

Akachelewa tena. Aliposema, alisema bila hasira, kama mtu anamrekebisha mtoto jumla ya hesabu.

"Hata wiki ile uliniambia hivyo hivyo."

Nikatazama kiganja, utani nane umebaki.

"Mwambie Bi Mwanne asiajiri mtu stoo," akasema. "Nikipona nitarudi."

Nikasema, "Nitamwambia."

Sasa sikilizeni, mimi si mtu wa mawaidha, na mkiniletea sifa kwenye maoni nitazifuta. Ila kama kazini kwenu yupo aliyeugua akili akarudi, mwacheni afanye kazi. Siri aliyokupa kaa nayo. Akikosea agombezwe kama wengine, mzigo wake aubebe mwenyewe, na kama ni mtani wako, mtanie. Sisemi mcheke ugonjwa wake. Nasema usimvue utu wake halafu ukamfunika kwa shuka la huruma. Upole wa ghafla mtu anauona toka mbali, na kwa aliyewahi kuumwa, unasomeka kama majibu ya daktari.

Jumapili hii nampigia tena. Kaka yake amesema dakika tano.